Moto wa Tumbo Huanza Jikoni

Mji wetu wa Kisangani uko karibu kabisa na Ikweta. Hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya, wala theluji hatuijui. Baridi yetu ni ya mvua, ile inyeshayo tangu alfajiri, hasa kati ya Septemba na Novemba, hata kuni zikakataa kuwaka. Ndipo malalamiko ya tumbo husikika nyumba kwa nyumba: huyu tumbo limejaa hewa, yule chakula hakishuki, mtoto naye anaharisha. Na fedha za masomo zaishia katika vidonge. Wasomaji wapenzi, kabla ya kununua dawa, yafaa kwanza tufunue chungu tutazame ndani.

Waganga wa Bara Hindi walilifikiri jambo hili zamani sana. Elimu yao ya uganga huitwa Ayurveda, maana yake elimu ya maisha, na kitabu chao kimoja kikuu, Charaka Samhita, kina umri wa miaka kama 2,000. Chafundisha kwamba tumboni mwa mtu mna moto, uitwao agni, ambao hukipika chakula mara ya pili. Wakati wa baridi kali moto huo huwa na nguvu, naye mtu aweza kula vyakula vizito vya mafuta. Wakati wa mvua hufifia. Basi ale chakula chepesi kilicho moto, nafaka iliyokaa ghalani na mchuzi wa jamii ya kunde, tena anywe maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa hiyo shauri litufaalo sisi ni hili la mvua.

Sayansi ya leo haioni moto tumboni, bali maji ya mwili yanayomeng'enya chakula. Wala hatulazimiki kushika mafundisho yote ya waganga hao. Tena tujihadhari: baadhi ya unga na vidonge viuzwavyo kwa jina la Ayurveda vimepimwa vikaonekana vina risasi na zebaki, ambazo ni sumu. Lakini shauri la kuchemsha maji ni kweli tupu. Mvua huchukua uchafu wa vyoo na kuuingiza visimani na vijitoni. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka hapa Kisangani, kikafuata mto pamoja na wasafiri mpaka Kinshasa, kikaua mamia ya watu.

Haya basi, akina mama, na tuingie jikoni.

Kwanza, maharagi na kunde. Zina namna ya sukari ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya; vijidudu vya matumbo huila, nayo hewa hujaa. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Hewa itapungua, na makaa pia, kwa sababu zitaiva upesi.

Pili, mihogo. Mihogo michungu ina sumu. Iloweke siku 3 au 4 mpaka ilainike, ndipo uianike. Mvua ikinyesha na njaa ikibisha hodi, mtu hushawishiwa kuzipunguza siku hizo. Asikubali! Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za konzo, ugonjwa wa huko Kwango unaokaza miguu ghafula, na mtu hapati tena kutembea kama zamani. Huwapata hasa walao mihogo isiyolowekwa vema, pasipo samaki wala maharagi ya kutosha. Sombe nayo itwangwe sana na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Tatu, wali wa jana. Wali ukilala chunguni katika joto letu, vijidudu huzaana na kutoa sumu ambayo hata moto wa asubuhi hauiondoi. Pika kiasi cha kuliwa siku ile ile.

Kwa tumbo lililochoka, Wahindi hupika khichdi, yaani mchele na choroko katika chungu kimoja. Vitu vya soko letu vyatosha kabisa. Chemsha nusu kikombe cha kunde zilizolowekwa mpaka zilainike, umwage maji. Tia mchele kikombe 1, maji vikombe 5, kitunguu, chumvi kidogo, na tangawizi iliyopondwa, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Acha viive polepole mpaka viwe kama uji mzito. Mwisho ongeza mchicha uliokatwa, yaani bitekuteku, na kijiko 1 cha mawese mekundu, yafaayo macho ya watoto. Kula kingali moto, tafuna polepole, wala usilale mara baada ya kula.

Walakini chakula si dawa ya kila ugonjwa. Mtu akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, apelekwe hospitali mara moja. Njiani anyweshwe kidogo kidogo lita 1 ya maji yaliyochemshwa, yenye sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.

Wako wanaodhani kwamba mambo ya tumbo hayamhusu Mkristo. Mtakatifu Paulo hakudhani hivyo: katika barua yake kwa Timoteo, askofu kijana, hakusahau kumshauri juu ya tumbo lake. Mwili ni amana ya Mungu, na mama anayechemsha maji na kuloweka kunde anailinda amana hiyo kwa gharama ndogo.

Nanyi wanafunzi, msimwachie mama peke yake. Jioni ya leo, kabla ya sala, ombeni kazi ya kuchagua kunde na kuzitia majini.