Barua Pepe: Kweli na Porojo za Saiba

Ukingoja zamu kwenye saiba hapa Kachibora, au ukishuka Kitale kuchapisha vyeti, huu ubishi lazima umeusikia: Gmail ya kwenye brauza ni ya wanafunzi, mtu wa kazi huweka Thunderbird au Outlook kwenye kompyuta yake. Kila upande una hadithi zake. Tuzipime.

"Bila mtandao husomi barua pepe." Uongo. Thunderbird, ambayo Mozilla huitoa bure tangu 2004, hushusha barua na kuziweka kwenye diski. Stima ikipotea, laptopu yenye chaji bado itakufungulia mkataba wa mwezi uliopita, na jibu utakaloandika litangoja mtandao urudi. Hata Gmail inaweza: iwashie hali ya nje ya mtandao kwenye Chrome, uchague kuhifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Kwenye mashine yako tu, tafadhali, si ya saiba.

"Programu hula bando kuliko brauza." Kweli siku ya kwanza, kisha inageuka. Ukiiacha ifanye itakavyo, Thunderbird hushusha sanduku lote, picha za harusi za shangazi zikiwemo. Iambie ilete barua za siku 30 zilizopita tu. Baadaye kiambatisho kilichokwisha kushushwa hufunguka kutoka kwenye diski, bila kukugharimu kitu, hata ukikifungua mara ngapi.

"Nikifuta kwenye laptopu, nakala ya Gmail inabaki." Mara nyingi ni uongo, na hapa ndipo watu hulilia barua zao. Muulize aliyekuwekea programu: alitumia IMAP au POP? Kwa IMAP, sanduku ni moja tu linaloonekana kwenye vifaa vingi. Ukifuta kwenye laptopu, kwenye simu pia imefutika. Kwa POP, barua huteremshwa kwenye kompyuta, na mipangilio ikiruhusu, nakala ya kwenye seva hufutwa. Kompyuta ikiibwa, kwaheri. Ubishi wa programu na brauza una kelele nyingi, ilhali swali la IMAP au POP ndilo lingeokoa barua, na wachache huliuliza.

"Gmail haipotezi kitu." Uongo. Tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Ile uliyofunguliwa saiba ukiomba mkopo wa masomo wa HELB, uliiingia lini mara ya mwisho? Tena zile GB 15 za bure unazigawana na picha za simu yako zinazohifadhiwa kwenye Google. Zikijaa, barua mpya haziingii. Wazee wanaosema barua ya kazi ichapishwe na iwekwe kwenye faili wamesema kweli. Karatasi haiulizi neno la siri.

"Ukifunga brauza, umeshatoka." Uongo mtupu. Anayekalia kiti baada yako anaweza kufungua Gmail akalikuta sanduku lako wazi. Mhudumu anayekupigia kelele utoke kwenye akaunti kwanza hakusumbui bure. Na kama umeshapanda matatu ndipo ukakumbuka, shika simu, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa, uiondoe ile kompyuta ya saiba.