Mtoto Hasemi, Nimwekee Katuni Gani?

Swali hili linatoka Kiabakari, linatoka Butiama, linatoka Bunda, na kila mara linakuja kwa maneno yaleyale: mtoto ana miaka miwili na nusu, hajasema neno la kueleweka, je, nimwekee katuni gani kwenye simu? Hakuna. Anayeuliza hivyo ameshaamini kwamba sauti ikimfikia mtoto vya kutosha itageuka lugha yenyewe, na kwa sababu ya imani hiyo miezi ambayo mtoto alihitaji watu inaishia kwenye kioo. Mwaka 2003, huko Marekani, Patricia Kuhl na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi tisa, waliozoea Kiingereza tu, lugha ya Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Kundi moja lilikaa na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao. Kundi jingine liliwaona watu haohao kwenye televisheni. Wale wa kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakutofautiana na watoto ambao hawajawahi kukisikia.

Sababu yake inaonekana katika ua wowote. Mtoto akinyoosha kidole kwa mbuzi, bibi anatazama alikonyoosha, anasema “mbuzi”, ananyamaza kidogo, mtoto anatoa sauti, bibi anamjibu. Neno limefika wakati macho ya wote wawili yako mahali pamoja, na mtoto amepewa zamu yake. Katuni haijui mtoto anatazama nini wala haimsubiri. Tena inawanyamazisha wakubwa: Dimitri Christakis na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wa watoto waliovaa vinasa sauti, wakakuta kwamba kila saa ya televisheni inayosikika iliambatana na upungufu wa takriban maneno 770 ya watu wazima masikioni mwa mtoto. Kwa hiyo familia inayoongeza katuni ili mtoto aseme inapunguza kilekile kinachomfundisha.

Nitaambiwa kwamba mtoto wa jirani anahesabu mpaka kumi kwa Kiingereza, na amejifunza kwenye simu. Anakariri. Akishikwa na kiu bado anamvuta mama kanga na kulia, kwa kuwa hajajifunza kumwomba mtu kitu. Wengine watasema basi simu yote ni sumu, nao wanakosea pia. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walionyesha kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza maneno mapya kwa mtu aliyezungumza nao kwa video moja kwa moja, ila hawakuyajifunza kwa video iliyorekodiwa. Baba aliyeko mgodini anayepiga simu ya video, akamwita mwanawe kwa jina na kungoja jibu, anamfundisha kweli. Wala msikisingizie Kizanaki au Kijita cha nyumbani kwamba kinamchanganya mtoto. Mwalimu Nyerere alikulia Butiama katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili.

La kufanya, kwa haraka: kwanza apimwe masikio, hata kama hugeuka mlango ukigongwa, kwani anaweza kusikia kishindo na kukosa sauti laini za maneno; hospitali ya mkoa ikikosa vipimo, ombeni rufaa ya Bugando, Mwanza. Zimeni televisheni isiyotazamwa na mtu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mnapomwogesha na mnapopika, semeni naye kwa lugha mnayoiweza vizuri, kisha nyamazeni ajibu. Msikubali akatwe chini ya ulimi mtaani. Asiyebwabwaja kwa miezi 12, au asiyeunganisha maneno mawili kwa miezi 24, apelekwe kwa daktari. Na aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, katika umri wowote, apelekwe wiki hiyohiyo.