Moshi wa Mafiga na Seli Zinazocharuka Kifuani

Kikohozi kisichoisha, kohozi zito na kifua kinachopiga mluzi usiku mara nyingi ni dalili za kitu kimoja: njia za hewa zimecharuka. Kuta zake zimevimba na kuwa nyekundu, ute umezidi, na nafasi ya kupitisha pumzi imekuwa finyu. Moshi, vumbi au kijidudu huanzisha jambo hilo, lakini sehemu kubwa ya madhara hufanywa na seli za kinga za mgonjwa mwenyewe.

Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku. Hewa hushuka katika bomba linalogawanyika matawi kwa matawi, mara 23 hivi, mpaka kwenye vifuko vidogo sana ambavyo idadi yake hupita milioni 300. Huko Ngungu, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, hewa hiyo huingia pamoja na moshi. Baridi ya jioni hufunga milango mapema, na sufuria ya maharage hukaa juu ya mafiga kwa saa nyingi. Mahali palipo juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva. Muda huo wote mama anachochea kuni, na mtoto yuko mgongoni mwake.

Chembe kubwa za masizi hunaswa na ute wa puani na kooni, kisha vinyweleo vidogo huusukuma ute huo juu mpaka utemwe au umezwe. Chembe ndogo kupita kiasi hufika hadi kwenye vifuko. Hapo hukutana na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza kila kitu kigeni. Tabia hiyo ya kumeza ilielezwa na Élie Metchnikoff, ambaye mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza na kuona seli zikikusanyika kuuzunguka. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel.

Bakteria akimezwa husagwa. Masizi hayasagiki. Watafiti nchini Malawi walipochunguza makrofaji kutoka mapafu ya watu wazima walizikuta zimebeba chembe nyeusi, na mzigo huo ulitofautiana kulingana na nishati ya kupikia na ya taa nyumbani. Seli iliyoshiba masizi huwa mvivu wa kumeza bakteria, na hiyo ni sababu mojawapo ya nimonia kuwaandama watoto wanaokulia jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Makrofaji iliyolemewa pia hutoa saitokini, yaani protini za kuita msaada. Zinazoitika kwa wingi ni nutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu. Hupenya kuta za mishipa, huingia njia za hewa na kumwaga vimeng'enya. Kimoja, elastesi, hukata nyuzi zinazolifanya pafu livutike na kurudi kama mpira. Ini hutengeneza protini ya kukizuia, lakini moshi huidhoofisha. Moshi ukirudi kila jioni, nutrofili nazo hurudi kila jioni, na baada ya miaka mingi kuta za vifuko hubomoka. Kinachopotea hapo hakiponi.

Pumu hupita njia nyingine. Seli nyeupe ziitwazo limfosaiti, zinazozoea kuitikia vumbi, chavua au manyoya huamuru itengenezwe kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa miaka ya 1966 na 1967. Kingamwili hiyo hukaa juu ya seli za masti zilizo ukutani mwa njia za hewa. Kichocheo kikirudi, seli hizo hupasua vifuko vyake vya histamini ndani ya dakika chache, na misuli hubana. Saa 4 hadi 8 baadaye hufika seli nyeupe nyingine, eosinofili, na kifua hubana tena. Ndiyo maana mtoto aliyekohoa kidogo jioni huweza kuamka usiku wa manane akihema.

Eosinofili zina kazi nyingine ya kale: kupambana na minyoo. Mabuu ya mnyoo aitwaye askaris hupita mapafuni kabla ya kurudi utumboni, na seli hizo huyafuata huko. Mwana wa kijijini anayekohoa huku kifua kikipiga mluzi huenda hana pumu kabisa, na anahitaji kupimwa choo.

Masisi inapokea pia gesi ya salfa dioksidi kutoka volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, kwa kuwa upepo mara nyingi huisukuma magharibi. Ikigusa unyevu wa njia za hewa hugeuka asidi, na mwenye pumu hubanwa upesi. Mazuku ni jambo tofauti: hiyo ni kaboni dioksidi inayolala mabondeni, na huua kwa kumnyima mtu oksijeni.

Dawa ya kuvuta ya salbutamoli hulegeza misuli tu, mcharuko unabaki. Steroidi za kuvuta, zilizoanza kutumika miaka ya 1970, huzituliza eosinofili, hivyo mgonjwa wa pumu anahitaji kuzitumia hata siku anapojisikia mzima. Kwa nutrofili zinazoitwa na moshi, steroidi hazifui dafu sana. Hapo tiba ya maana ni kupunguza moshi wenyewe: kuloweka maharage usiku kucha ili yaive mapema, kutumia kuni kavu, kutoboa dirisha jikoni, kumweka mtoto mbali na mafiga. Makaa hutoa moshi kidogo kuliko kuni, lakini hayafai chumba kilichofungwa, kwa maana gesi yake isiyo na harufu huua. Mtoto anayepumua mbio, mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.