Samaki Wafao Alfajiri

Liko jambo moja katika ufugaji wa samaki liletalo hasara, na pengine ugomvi pia, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Babati. Mwenye bwawa hulala akijua perege wake ni wazima. Asubuhi huwakuta wakielea wamekufa. Mara husema, "Jirani ametia sumu," na shauri hupelekwa kwa wazee wa kijiji. Lakini mara nyingi hapana sumu wala uchawi. Samaki wamekosa hewa.

Samaki huvuta pumzi kama sisi, ila hewa yake ni oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni haba. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 huchukua miligramu 9 tu. Lita moja ya hewa tuvutayo sisi ina kama mara 30 ya hizo. Maji yakifika nyuzi 30, huchukua miligramu 7 na nusu. Tena Babati iko juu, ambako hewa ni nyepesi, basi hesabu hiyo hupungua zaidi. Na perege hukua vema penye miligramu 5 au zaidi.

Ziwa Babati ni pana, na upepo huyatikisa maji yake na kuyatia hewa. Bwawa dogo halina mawimbi. Hutegemea zaidi vijimea vidogo mno viyafanyavyo maji kuwa ya kijani. Mchana, penye jua, vijimea hivyo hutoa oksijeni. Usiku havitoi, bali huitumia, pamoja na samaki na samadi iozayo chini. Hivyo akiba ya mchana huliwa usiku kucha, na uhaba mkubwa huwa alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu. Basi azidishaye samadi na pumba hudhani awalisha samaki, kumbe awanyima pumzi.

Dalili ni hizi. Alfajiri samaki hupanda juu wakipanua vinywa, na perege wakubwa mara nyingi hufa kwanza. Kambale wakubwa huweza kubaki hai katika bwawa lilo hilo, maana Mungu amewapa kiungo cha kuvutia hewa ya nje. Lakini kambale wakifa pamoja na perege, au samaki wakifa ghafula mchana wa jua kali, hapo yafaa kuchunguza sababu nyingine.

Kinga yake ni rahisi. Tumbukiza mkono majini, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi. Acha kutia samadi. Ukiwaona samaki wakitweta, usiwape chakula siku hiyo. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yachukue hewa, na ukiweza toa maji ya chini yenye uchafu. Pasipo mfereji, chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu mpaka jua lipande.

Basi, enyi wazee na walimu, shauri la namna hii likiletwa kwenu, ulizeni kwanza: Samaki walikufa saa ngapi? Jana kulikuwa na mawingu? Samadi ilitiwa lini? Kambale je, wazima? Majibu hayo yaweza kumwokoa jirani asiye na hatia, na kumfundisha mwenye bwawa asipate hasara tena.