Yasmin akiingia sebuleni Paje

Paje, mwani ukishaanikwa na isha ikishasaliwa, runinga au simu ndiyo sinema ya nyumbani. Filamu ya kutazama pamoja na mabinti wakubwa (wadogo walale kwanza, mna mapenzi) ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, kaozwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Anaikimbia ndoa, anampenda Denge, mpigania uhuru.

Hapo sebule hugawika. Bibi atauliza: kwani mume kamkosea nini? Mjukuu naye: kwani yeye aliulizwa? Mama asikimbilie kuzima runinga.

Filamu inakwenda taratibu, taratibu mno kwa waliozoea vilio vya tamthilia za Kituruki, lakini Mji Mkongwe umepigwa picha vizuri. Aliyesoma kitabu atalalamika mengi yameachwa. Kitabuni, Yasmin akirudi Unguja jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo. Mama amuulize binti: wewe ungebisha hodi kwa nani?