Mshale wa geji usikuzuge!

Washikaji wenye Land Rover 109 za kuhangaikia dhahabu, Shinyanga mpaka Geita, mpo? Geji inayowaka taa kama disko siyo dili. Mi ukiniuliza, chukua ile ya joto yenye mrija mwembamba, isiyotaka umeme. Ukishupalia ya umeme, nunua pamoja na senza yake. Ukichanganya, mshale unadanganya.

Mwambie muuzaji aichovye ncha kwenye maji yanayochemka. Huku kwetu, mita kama 1,100 juu ya bahari, isome 96 hivi, siyo 100.

Lakini usiiabudu. Rejeta ikivuja yote, ncha inabaki hewani, mshale unatulia kistaarabu huku silinda hedi inapinda! Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uyaone maji mwenyewe.