Ustadi wa Tippu Tip Haumsafishi

Kila muhula wanafunzi hapa Tabora huniuliza: “Mwalimu, huyu Tippu Tip tumsome kama mwandishi au tumhukumu kama mhalifu?” Swali hili limenichosha. Linadhani kipaji kilikaa kando, na uhalifu kando.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni nathari safi, haina maneno ya bure. Hapo sibishi.

Sasa fungua pale anapofika Utetela, huko Kongo, kwa mtawala mzee Kasongo Rushie. Amekwisha kusikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mzee walitekwa. Basi anadai bibi yake ni mmoja wao, kwa hiyo yeye ni mjukuu. Mzee anaamini, anamwachia utawala, na pembe zinamfuata mtawala mpya. Nasaba hiyo ni ya kutunga, na kitabu chenyewe kinaonyesha alivyoichota habari kwa watu kabla ya kuivaa. Kipaji tunachokisifu ndicho kilichotumika kumnyang'anya mzee nchi yake. Kitamfutiaje kosa?

Halafu huja lile jibu la mkato: “Ndiyo zama zake, hakujua vingine.” Alijua! Mwaka 1873 Sultani Barghash, mtawala wake mwenyewe, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Tena waliotekwa nao walikuwa watu wa zama hizo hizo. Kwa nini maoni ya zama yawe ya mteka peke yake? Wala udugu wake na wenyeji haumwokoi: baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, lakini udugu huo haukumfungua mateka hata mmoja.

Walimu, kifundisheni kitabu chote, msiruke Utetela. Kisomwe sambamba na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Waongoza wageni wa Kwihara, hapa karibu na Tabora, msimwite “mfanyabiashara mashuhuri” mkaishia hapo. Semeni pembe zilipatikanaje. Msiwachanganye wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira na watu waliofungwa minyororo. Na mkitafuta jina la kuupa mtaa, chagueni la mtu mwingine.